Msimu wa Kumsafisha Babu

Machi 3

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwamba kuanzia leo saa tatu asubuhi, ndoo ya bluu imeteuliwa kushika nafasi ya ndoo ya kijani chini ya tundu la paa la duka hili. Ndoo ya kijani imestaafu kwa sababu za kiafya (imetoboka). Uongozi, yaani mimi, unaishukuru kwa utumishi uliotukuka wa misimu minne na unaitakia maisha mema nyuma ya choo.

Mvua imeanza, kama hujaelewa. Nimechapa barua mbili za kuomba kazi na wasifu mmoja wa marehemu.

Machi 4

Wasifu wa jana ulinipa shida kidogo. Familia ilinieleza kwamba marehemu alikuwa mlevi, aliacha wake wawili bila kuaga, na alipigana na kila jirani aliyewahi kuwa naye. Nikaandika: "Marehemu alikuwa mtu wa watu. Hakupenda kufungwa na sehemu moja, na hakuna jirani atakayemsahau." Mjane wa tatu alisoma akalia. Akasema, "Ndiye yeye kabisa."

Hiyo ndiyo kazi yangu. Duka linasema "Kuchapa na Kutoa Kopi," lakini watu wanakuja kwa wasifu. Nimeishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kuchapa maneno ya watu waliosoma na kuangalia wanavyokwepa. Kanuni yangu ni moja: siandiki uongo. Nachagua tu kipi kitangulie, na kingine nakiacha kipumzike.

Machi 7

Mvua. Kopi arobaini za fomu ya kujiunga na shule. Mengine hayapo.

Machi 9

Mdogo wangu wa kiume anagombea udiwani. Watu wameshaanza kumwita Mheshimiwa, na yeye ameshaanza kuitika.

Alikuja na meneja wake wa kampeni, mgeni katika mji huu, ambaye zamani alifundisha timu ya mpira. Kila mtu anamwita Kocha. Timu yake ilishuka daraja mara mbili, na mara zote mbili alisema wamepata uzoefu. Nilimtazama nikaona kweli siasa imempata mtu wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kwani lazima nitake kitu?"

"Umevaa koti. Mtu havai koti dukani kwangu bure."

Anataka kijitabu cha historia ya familia. Shule ya msingi inajengewa madarasa mapya, yeye ametoa mabati thelathini ya kuezekea, na ameomba jengo lipewe jina la Babu.

"Babu yupi?" nikauliza.

"Mna mababu wangapi?" akauliza Kocha.

"Wawili, kama watu wote. Mmoja alikuwa fundi cherehani, mpole, hana doa."

"Huyo hata picha hana," akasema Mheshimiwa. "Nataka baba yake Mama. Yule anajulikana mji mzima."

"Anajulikana, ndiyo. Hapo ndipo penye tabu."

Akacheka. Alisema anajua kuna maneno maneno ya zamani kuhusu mabati fulani kupotea, na wapinzani watayaokota, kwa hiyo tuwawahi. Nikamuuliza ni maneno gani hasa anayoyajua. "Kwamba yalipotea. Wivu tu wa watu, dada. Wewe andika."

Ana miaka arobaini. Nimemzidi kumi na moja. Mengine niliyasikia mimi nikiwa chini ya meza, kabla yeye hajazaliwa.

Machi 10

Nayaweka hapa yote, wazi, ili nisije nikasahau ninachokificha.

Babu alikuwa fundi wa paa. Aliezeka shule ya kwanza ya mji huu, mabati mia moja na kumi na mawili. Likizo ilipofika, aliyang'oa yote akayauza bati moja moja kwa watu wa mitaa ya chini. Nyumba tatu katika mtaa wangu bado zinayo. Mlinzi wa shule alifukuzwa kazi kwa wizi huo. Baada ya miaka mitano Babu alikamatwa juu ya paa la hospitali, nyundo mkononi, misumari mfukoni. Akafungwa miaka sita. Alipotoka alipumzika mwezi mmoja, kisha akafa kwa kuanguka kutoka juu ya ghala ambalo hakuna aliyemwita kulitengeneza, katika saa ambayo mafundi wengine huwa wamelala.

Nilipokuwa mdogo nikiuliza, nilijibiwa: "Alianguka kazini."

Machi 12

Rasimu:

"Babu yetu aliezeka kwa mikono yake shule ya kwanza ya mji huu, na aliendelea kuyafuatilia mabati yale kwa karibu hata baada ya ujenzi kukamilika. Kwa juhudi zake, familia nyingi zenye kipato kidogo ziliweza kupata paa imara. Baadaye alikuwa kwa miaka sita katika taasisi ya serikali, ambako alipewa sare, chakula na malazi. Hatimaye alirudi kwenye ufundi alioupenda, na umauti ulimkuta akiwa juu ya kazi."

Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama niko salama.

Machi 13

Mheshimiwa amesoma rasimu. Nilimsubiri acheke. Alitoa leso.

"Dada," akasema, "mbona hamkuniambia Babu alikuwa mtumishi wa serikali?"

Nilimkazia macho nione kama ananitania. Hatanii. Macho yamelowa.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na karatasi ya kukata, nikaendelea kuikata.

Machi 14

Mvua tangu alfajiri. Nimepanga rafu ya karatasi upya mara tatu. Ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Machi 16

Mama Mkunga amekuja na barua yake.

Huyu ni mkunga mstaafu, miaka sabini na minne, mgongo umenyooka kama rula. Nusu ya mji huu aliupokea kwa mikono yake, Mheshimiwa akiwemo. Baba yake ndiye yule mlinzi. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kuna kitabu cha matukio ya shule, na ndani yake kuna mstari unaosema: "Mlinzi amefukuzwa kwa kuiba mabati 112." Mama Mkunga alikuwa mwanafunzi palepale mwaka huo. Mwalimu aliwasomea mstari huo darasani wakati wa somo la uaminifu, yeye akiwa kwenye dawati la pili.

Kila msimu wa mvua anaandika kuomba mstari ule urekebishwe. Kila mwaka halmashauri humjibu: lete uthibitisho.

"Mwanangu, nichapie tena."

"Ileile, mama?"

"Ileile. Badilisha tarehe. Sisi ndio tunaozeeka, yenyewe haizeeki."

Barua inasema kwamba baba yake hakuiba, alifungiwa stoo kwa nje, na alisema hivyo tangu asubuhi ya kwanza. Walimcheka. Mlinzi gani anafungiwa? Hakupata tena kazi ya ulinzi. Alifagia soko mpaka akafa.

"Nilipoanza ukunga," aliniambia leo, kitu ambacho hakuwahi kukisema, "wanawake walikuwa wananikabidhi watoto wao na vijiko wanaficha."

Hii ni barua ya kumi na mbili. Zote nimezichapa mimi, mjukuu wa mwizi mwenyewe, kwa uso mkavu, nikimuuliza kama anataka kopi moja au mbili. Mwaka jana nilimwona kama mzee anayepoteza muda wangu. Nimeandika hapa, Aprili ya mwaka jana: "Yule bibi wa mabati kaja tena, hachoki." Nimelisoma leo. Nimefunga daftari nikatoka nje nikasimama barazani bila sababu.

Machi 18

Mvua. Wino umeisha.

Machi 19

Mvua. Wino umekuja, si wenyewe.

Machi 24

Kocha ameleta rasimu yangu ikiwa na nyongeza. Anasema msomaji atajiuliza mabati yalikwenda wapi, na ni kweli, mimi niliacha pengo nikidhani hakuna atakayechungulia. Ameliziba hivi: "Kwa bahati mbaya, mabati hayo yaliibwa baadaye na mlinzi wa shule asiye mwaminifu, jambo lililomuumiza sana Babu yetu."

"Hii siichapi," nikasema.

"Kwa nini? Ni rasmi hii. Nimekwenda shule, nimekiona kitabu kwa macho yangu."

"Huyo mlinzi ana mtoto hai."

"Ana miaka mingapi huyo mtoto?"

"Sabini na minne."

"Aa. Basi ameshazoea."

Nikamvuta Mheshimiwa nyuma ya mashine ya kopi. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mabati aliyachukua Babu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa kanisani na paroko mwenyewe.

"Dada, unasikiliza maneno ya mtaani?"

"Ni Babu, nakuambia."

"Una uthibitisho?"

Hilo swali nimelichapa mara kumi na moja kwenye majibu ya Mama Mkunga, maana hata halmashauri huchapishia kwangu.

"Wewe mwenyewe," akasema, "wewe ndiye umeandika alikuwa kwenye taasisi ya serikali. Serikali ingechukua mwizi?"

Nilifungua kinywa nimweleze ni taasisi gani. Simu yake ikaita. Akaenda kuipokea nje, na alipomaliza alikuwa ameshapanda gari.

Machi 25

Nimechapa. Nakala mia nne, pamoja na sentensi ya mlinzi.

Nilijiambia kwamba nikikataa watakwenda kuchapa kwingine. Ndiyo sababu ileile ambayo kila mtu huja nayo hapa, na huwa namwona mjinga.

Machi 29

Nimeshinda kwa Mama. Sikuweza kukaa, nilifagia uani mara mbili, huku mvua ikinisaidia kuchafua.

Mama yangu ana miaka sabini na sita na masikio yanayochagua. Ukimwita aje kula, yuko mlangoni. Ukimuuliza habari ya baba yake, anakwambia sukari ipo kabatini. Leo nilimfuata chumbani alipokuwa anakunja nguo, nikakaa kitandani mbele yake, nikamwekea kijitabu juu ya shuka, kidole kwenye sentensi.

Alisoma. Anasoma kwa kusogeza midomo. Alipofika mwisho alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Hii si kweli," akasema.

"Najua si kweli, Mama. Sina cha kuonyesha."

"Alishasema mwenyewe."

"Nani?"

"Baba. Siku niliyokwenda kumwona kule ndani. Alisema ameungama yote kwa ofisa, ya hospitali na ya shule. Ofisa aliandika, yeye akaweka dole gumba. Alisema yule mlinzi hakujua kitu, alimfungia stoo kwa nje, akaweka na mti mlangoni."

Stoo. Kwa nje. Nimelichapa neno hilo miaka kumi na miwili.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na mchumba."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikuwa na watoto."

"Na sasa?"

Alichukua shuka upande mmoja, akanipa ncha za upande wa pili tukunje pamoja.

"Sasa sisikii vizuri," akasema.

Machi 30

Nimechoma mkono kwenye mashine ya kufunga vitabu. Sikuwa nafunga kitabu.

Aprili 2

Kocha alikuja kulalamika kwamba kijitabu hakina uzito. "Kinahitaji kitu chenye muhuri," akasema.

Nikasikia mdomo wangu ukimjibu: "Si tuombe kumbukumbu rasmi za Babu kutoka kwenye idara aliyokuwa?"

"Idara gani?"

"Magereza."

"Alikuwa askari magereza?"

"Alikuwa huko miaka sita," nikasema. "Sare alipewa."

Kocha akapiga meza kwa furaha. "Nidhamu! Ndiyo maana nasema mdogo wako ana mwendo wa kijeshi!"

Sikuongeza neno, wala sikupunguza. Niliandika barua pale pale: "Tunaomba kwa heshima kumbukumbu kamili za marehemu tajwa, aliyekuwa katika taasisi yenu kwa miaka sita, ili zisomwe katika hafla ya kumuenzi." Kocha alitia sahihi kama katibu wa kamati. Niliipeleka posta mwenyewe, kwenye mvua, bila mwavuli, kama mtu anayekimbiza mgonjwa.

Njiani kurudi nikaanza kujiuliza ninafanya hivi kwa faida ya nani, na nani ataumia.

Aprili 5

Hakuna jibu. Siku tatu tu, lakini nimeandika.

Aprili 9

Mabango mapya: MJUKUU WA ASKARI. Mheshimiwa amepiga picha mkono umegusa paji la uso. Anatembea kifua mbele mpaka vifungo vinalalamika.

Aprili 11

Hakuna jibu. Mvua.

Aprili 14

Hakuna jibu. Nimemuuliza karani wa posta. Ameniuliza kama nimeolewa huko magereza.

Aprili 19

Mama Mkunga ameingia na kijitabu.

Hakuketi. Alikifungua pale penye sentensi ile, akakiweka juu ya kaunta akakigeuza kunielekea, kama mtu anayekuonyesha karatasi ya vipimo vyako.

"Hii umechapa wewe?"

Ningeweza kusema Kocha ndiye aliyeandika. Ni kweli, na ndiyo aina ya ukweli ninayoiuza. 

"Nimechapa mimi," nikasema.

"Nilijua. Herufi zako nazijua, nimezisoma miaka mingi." Alipitisha kidole juu ya neno "mlinzi," polepole. "Zamani ilikuwa kwenye kitabu kimoja, ndani ya kabati moja. Sasa ziko mia nne."

"Mama, naomba usubiri kidogo. Kuna kitu..."

"Kusubiri nakujua, mwanangu. Nina miaka sitini na miwili kazini."

Nilitaka kumwambia habari ya barua. Lakini kama jibu lisingekuja? Kama jalada limeliwa na mchwa? Ningekuwa nimempa maneno mengine ya kubeba. Nikaanza kunyoosha karatasi za kaunta zilizokuwa zimenyooka.

"Ile barua ya mwaka huu," akasema, "usiipeleke. Irarue tu. Nimechoka kuomba kupitia watu wanaochapa huku na huku."

Alitoka. Mvua ilikuwa kubwa na hakufungua mwavuli mpaka alipofika ng'ambo ya barabara.

Barua sijairarua. Wala kazi nyingine sijafanya. Nimefunga duka saa sita mchana na kuandika mlangoni "Tumefunga kwa sababu za kiufundi."

Aprili 20

Nimekwenda kwake. Jirani kasema ametoka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni.

Aprili 26

Hakuna jibu. Hakuna Mama Mkunga. Hakuna mvua pia, leo, na joto lake ni la kumtia mtu wazimu.

Mei 4

Limekuja.

Bahasha ya khaki, nene, muhuri wa magereza, kwa jina la katibu wa kamati. Nilimpigia Kocha. Nilidhani ataifungua palepale, na hapo mambo yangeamuliwa na mtu mwingine asiye mimi. Aliipima mkononi, akainusa.

"Hii haifunguliwi hapa," akasema. "Hii inafunguliwa jukwaani, mbele za watu, kama droo ya mashindano. Ikisomwa mbichi inakuwa na nguvu."

"Huoni ni vizuri kuipitia kwanza?"

"Dada, wewe ni mtu wa kuchapa. Niachie mimi umati."

Nimemshauri apitie kwanza. Naliweka hapa kwa maandishi. Naona hata kwenye daftari langu mwenyewe najitengenezea wasifu.

Mei 6

Nimekwenda kwa Mheshimiwa nimwambie. Nimefika getini, nimerudi.

Mei 7

Nimekwenda tena. Safari hii nilimkuta. Alikuwa sebuleni anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya mkewe na watoto, na kila alipofika kwenye neno "Babu" sauti ilimtetemeka kweli. Mtoto wake mdogo alisimama akapiga saluti. Nilikunywa chai nikaondoka.

Nikimwambia, bahasha itapotea. Namjua, ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni. Hatanuia ubaya; ataiweka mahali pazuri na kusahau ni wapi. Nisipomwambia, atasimama mbele ya mji mzima akiwa na koti lake. Nimezunguka meza ya kulia nyumbani kwangu mpaka mguu wa kulia umeuma.

Mei 8

Hafla.

Viti mia mbili vya plastiki ndani ya jengo jipya, chini ya mabati thelathini mapya ya Mheshimiwa na mengine ya halmashauri. Ukitaka kuhesabu kwa namna yangu, familia yetu imeanza kurudisha kwa awamu. Mvua ilianza mara tu mgeni rasmi alipoketi, na bati jipya halijui kunong'ona.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Mama Mkunga alikuwa wa mwisho, karibu na mlango. Nani alimwita, sijui. Mimi nilikuwa pembeni na rundo la vijitabu, kama mtu anayeuza sumu kwa rejareja.

Kocha alipandisha bahasha juu ili kila mtu aone muhuri. Kwa sababu ya kelele za mvua, akampa mwalimu mkuu asome, maana ndiye mwenye sauti. Mwalimu mkuu ni mtu wa kusoma majina ya wanafunzi kila asubuhi. Akianza haangalii pembeni, anakwenda kwa pumzi moja mpaka chini ya ukurasa.

"Yahusu mfungwa namba 417," akasoma.

Mheshimiwa alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu kwa muda, tabasamu likiwa limeachwa hapo bila mwenyewe.

"Alipokelewa kwa kosa la kuvunja na kuiba mabati ya hospitali. Kifungo, miaka sita. Kazi aliyopangiwa: kuezeka. Tabia gerezani: nzuri. Maelezo ya ziada: mfungwa alikiri mbele ya ofisa kwamba mabati 112 ya shule ya msingi aliyaiba yeye. Alieleza kuwa mlinzi wa shule hakuhusika, kwamba alimfungia stoo kwa nje na kuegemeza mti mlangoni. Nakala ya maelezo haya ilipelekwa kwa uongozi wa shule. Haikujibiwa."

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoelewa alichokuwa anasoma. Akaigeuza karatasi kuona kama nyuma kuna chochote cha kusaidia.

Mtu mmoja akaguna. Kisha mwingine akacheka, na kicheko kikaanza kupita mstari hadi mstari. Nilimwona mdogo wangu akinitafuta kwa macho, akanipata. Sijawahi kutazamwa vile.

Kisha akachukua kipaza sauti.

"Ndugu zangu!" akasema. "Mmesikia?"

Akaashiria karatasi mkononi mwa mwalimu mkuu.

"Babu yangu alikiri! Nawauliza, ni viongozi wangapi mnaowajua waliowahi kukiri kitu? Hata kimoja?"

"Hakuna!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Barua hii nani kaiomba? Sisi wenyewe! Nani kaileta mbele yenu bila kuifungua? Sisi wenyewe! Familia yetu haina cha kuficha!"

Wakapiga makofi. Wapo waliosimama. Kocha alikuwa analia kwa furaha au kwa kitu kingine. Na mimi nilisimama pale nikisikiliza, na katika yote aliyosema sikuweza kupata neno moja la uongo. Miezi miwili nilimwona mdogo wangu kama mtu aliyedanganywa na ujuzi wangu. Kumbe alikuwa darasani.

Makofi yakiendelea, Mama alinyanyuka. Alipita katikati ya viti, taratibu, mpaka mstari wa mwisho, akaketi kwenye kiti kitupu kando ya Mama Mkunga. Niliwafuata, sijui nilitaka kuzuia nini.

"Alimfungia kwa nje," Mama akasema kwa sauti, maana mvua ilikuwa kubwa. "Nilijua."

Mama Mkunga hakugeuka. "Nilijua kwamba unajua," akasema. "Tulikuwa tunakutana sokoni, ukawa unavuka barabara."

Wakakaa. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono.

Mei 9

Mwalimu mkuu ameniita ofisini nimsaidie kuandika kwenye kitabu cha matukio. Mama Mkunga alikuwa amefika kabla yangu, amesimama mezani kwake, mkoba mkononi. Hakunisalimia. Nilisema shikamoo, akasema marahaba kwa kabati.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshatengeneza kitu: "Kufuatia taarifa mpya zilizopokelewa, imebainika kwamba palikuwa na hali ya kutoelewana kuhusu upotevu wa mabati." Aliniuliza kama kinafaa. Kinafaa sana. Ningekiandika mimi ningejisifu.

"Hapana," nikasema. "Andika: Mlinzi hakuiba mabati. Aliyeiba ni fundi."

"Hivyo tu? Si kavu mno?"

"Andika na jina la fundi."

Akaandika, tarehe chini, sahihi, muhuri. Mama Mkunga aliinama juu ya kitabu mpaka nukta ya mwisho. Kisha akasoma tena kutoka mwanzo, bila haraka, akifuata kwa kidole. Alipomaliza alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Nitolee kopi," akasema. "Mia nne."

Nimezitoa zote. Nimeshinda kwenye mashine tangu saa tano hadi saa kumi na moja, na leo ndiyo siku ya kwanza tangu Machi ambayo nimekaa sehemu moja.

Mei 10

Mheshimiwa amepita dukani. Bila koti.

"Ulijua, dada."

"Nilijua."

"Ungeniambia."

"Nilianza kukuambia. Simu ikaita."

"Simu huwa inakwisha."

Alisimama kidogo akiangalia mashine ya kopi, akasema jengo litaitwa Jengo B, akaondoka bila kuaga. Kocha anasema wiki hizi mbili wapinzani watatumaliza, na ameomba rasimu mpya ya kijitabu. Nimemwambia mashine ni mbovu.

Mei 12

Mvua imekatika. Saa kumi alasiri muda wa kurudisha fomu za udiwani ulikwisha, na msimamizi wa uchaguzi akabandika orodha ya wagombea ukutani. Nilikwenda kuisoma. Kata yetu ina mgombea mmoja tu, mdogo wangu. Hakuna mwingine aliyechukua fomu, kwa hiyo amepita bila kupingwa; wapinzani tuliokuwa tukiwawahi tangu Machi hawakuwepo.